Ngiri ya Baba, Mimba ya Mama

Baba alishuka kwenye basi akitembea kama mtu aliyebana yai mapajani na ameapa kulifikisha nyumbani zima. Mimi nilikuwa nimetumwa kumpokea, na kwa akili zangu nikaenda na baiskeli. Akaitazama baiskeli, akalitazama tandiko lake jembamba, halafu akanitazama mimi kwa macho ambayo mtoto mwenye adabu angeyaelewa mara moja.

"Shikamoo Baba. Panda nikubebe, ni mbali."

"Marahaba. Tangulia na begi."

Kutoka barabarani hadi kwetu, huku Masakta, ni mwendo wa saa moja. Siku hiyo tulitumia tatu. Ilikuwa Juni, shule tumefunga, upepo wa mlimani unachoma masikio, na mahindi yamekauka shambani yanasubiri watu. Kila tuliyekutana naye alisimama. Huku kwetu huwezi kumpita mtu aliyetoka hospitali kama unavyopita nguzo ya umeme. Lazima usimame, utoe mkono, uulize habari za safari, za dawa, za joto la Dar es Salaam, ndipo ufike kwenye swali ulilokuwa nalo tangu ulipomwona kwa mbali.

"Kwani walikupasua nini, mzee?"

"Ngiri."

"Alaa! Ngiri ni mbaya."

"Ni mbaya sana."

Tulipofika mlangoni nilikuwa nimehesabu ngiri kumi na moja. Ya mwisho alimwambia Bibi, mama yake mzazi, ambaye alimpapasa uso na kumshukuru Mungu kwamba ni ngiri tu.

Na mimi niliamini ngiri, mpaka kesho yake asubuhi aliponiita chumbani. Alikuwa amelala chali, amejifunga kitenge cha Mama kwa sababu suruali ilikuwa adui. Mama alikuwa pembeni na beseni la maji ya moto. Baba akatoa karatasi kwenye bahasha ya hospitali. Karatasi lilikuwa la Kiingereza, maana unaweza kupasuliwa kwa Kiswahili lakini kupona lazima upone kwa Kiingereza. Yeye na Mama waliishia darasa la saba. Mimi niko kidato cha tatu, kwa hiyo nyumbani kwetu mimi ndiye ubalozi.

"Soma polepole, unatafsiri. Ukifika pagumu, ruka."

Neno la kwanza nikaliruka. La pili nikaliruka. La tatu nilikuwa nalijua, kutoka kwenye kitabu cha Biolojia, ile sura ambayo hata wanaopata sifuri wanaijua ukurasa wake. Nikaweka kidole juu yake. Baba akaangalia ukuta, kwenye kalenda ya parokia, kama vile anatafuta sikukuu ya mtakatifu wake. Mama akaendelea kukamua kitambaa ambacho hakikuwa na tone la maji.

"Endelea," akasema Mama. "Umeshaona. Endelea."

Nikaendelea. Kwa kifupi, Baba ana sukari, ana miaka nayo. Sukari ilianza na macho, ikaenda kwenye vidole vya miguu, halafu ikamla pale ambapo mwanaume hasemi. Alikunywa vidonge vya hospitali, akanywa na mizizi ya mnadani, hakuna kitu. Mwishowe maksai wetu wawili, wale wa kulimia, wakapelekwa mnadani, naye akaenda Dar kuwekewa kifaa ndani ya mwili: mirija miwili na kipampu kidogo cha maji, ili kifanye kazi ambayo mwili umeisusa. Hiyo ndiyo ilikuwa ngiri. Karatasi lilisema kwamba kwa wiki sita asinyanyue kitu kizito, asipande pikipiki wala baiskeli (hapo nikayaelewa macho ya jana), avae nguo pana, anywe dawa zote mpaka ziishe, asikiguse kifaa. Wiki sita zikiisha arudi, afundishwe kukitumia.

"Afundishwe?" akauliza Mama.

"Ndivyo ilivyoandikwa. Baba, kwa hiyo na wewe una mtihani mwezi wa saba."

Mama akanichapa shingoni na kile kitambaa cha moto. Lakini niliuona mdomo wake umejikunja upande mmoja, ule upande anaouficha akiwa kanisani. Nataka niukumbuke huo mdomo vizuri, kwa sababu tangu siku hiyo sijamchekesha tena.

Baba hakucheka. Alisema neno hili linakufa na sisi watatu, hata Bibi asijue, na kwamba likitoka nje atajua limetokea mdomo gani, maana midomo yenyewe ni mitatu na mmoja tu ndio unaopigaga kelele.

Lazima niseme kitu kuhusu Mama, la sivyo mtadhani hii ni hadithi ya Baba. Mimi ni mtoto wa pekee. Kwa watu wa mjini hilo ni jambo la kawaida, lakini kwetu nyumba ya mtoto mmoja ni kama zizi la ng'ombe mmoja: kila anayepita anauliza wengine wamekwenda wapi. Na hakuna anayemuuliza mwanaume. Tangu nipate akili nimesikia wanawake wakimwambia Mama, mbele yangu, kana kwamba mimi ni kigoda: "Mbona umefunga mlango mapema, mwenzetu? Tumbo limegoma?" Mama alikuwa anajibu, "Mungu ndiye anayejua." Kumbe na yeye alikuwa anajua. Alijua miaka yote, akakaa na lile jina la mgumba wa mtoto mmoja kama unavyokaa na jiwe kwenye kiatu mbele ya wageni. Bibi alishawahi kumshauri Baba, kwa sauti ambayo Mama angeisikia jikoni, atafute msichana wa kumsaidia mkewe kuzaa. Mama aliendelea kusonga ugali. Baba naye, mwenye siri yake, akasema, "Nitafikiria." Nitafikiria!

Basi. Wageni wakaanza kuja.

Walikuja na maziwa kwenye vibuyu, na uji wa mtama, na kuku mmoja amefungwa miguu. Walikaa. Mgonjwa wa kwetu hapumziki, anapokea. Baba alikuwa ameegemezwa kwenye mito, miguu amepanua chini ya blanketi, jasho linamtoka kwenye baridi ya Juni, anasimulia ngiri. Kwa siku tatu aliisimulia vizuri mpaka mimi nikaanza kuionea huruma.

Siku ya nne akaja jirani yetu wa upande wa korongo, mzee mmoja mwenye sauti ya trekta. Huyo aliwahi kupasuliwa ngiri ya kweli. Nilivyomwona anaingia anatabasamu, nikajua tumekwisha.

"Ndugu yangu! Sasa na wewe umekuwa wa chama chetu!" Hakukaa. Alilegeza mkanda hapo hapo mbele ya Mama, akapandisha shati, akatuonesha kovu refu kama zipu. "Hii hapa. Ya kwako iko kulia au kushoto?"

"Kulia," akasema Baba.

"Kama yangu!"

"Kushoto, yaani."

"Hujui?"

"Zote mbili."

"Zote mbili!" Jirani akanigeukia kana kwamba mimi ndiye daktari. "Umesikia ushujaa wa baba yako? Hebu tuone, ndugu yangu. Usione haya, wote ni watu wazima, na huyu kijana ni wako."

Akashika ncha ya blanketi. Baba akashika ncha ya pili. Kwa sekunde kadhaa walivutana, wanaume wawili wenye mvi, na mimi nikauma ndimi zangu zote.

"Imefungwa bandeji," Mama akasema. "Daktari amekataza upepo."

"Aa, upepo. Kweli. Basi nitakuja Jumamosi, itakuwa imefunguliwa. Na nitamleta shemeji yangu kutoka Gehandu. Anayo, kubwa hivi, anaogopa kisu. Akiziona zako mbili atapata moyo."

Jirani alipoondoka, Baba alikuwa mweupe kama majivu. Mama alitoka kwenda kukoka moto. Baba akaniita karibu.

"Hawa watu wasije tena. Sijui utafanyaje. Una maneno mengi kila siku, leo yatumie."

Katika maisha yangu sijawahi kupewa kazi ninayoiweza namna ile.

Jioni nikachukua ndoo nikaenda bombani, ambako habari za kijiji zinachotwa kabla ya maji. Wanawake walikuwa watano au sita. Nikawaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, nikaweka ndoo kwenye foleni. Mmoja akasema wangekuja kesho wote pamoja kumwona mgonjwa, halafu wapange siku ya kutusaidia kuvuna, maana baba hawezi na maksai hatuna.

Nikainamisha kichwa. Nikashusha sauti, kama ninavyofanya shuleni nikiigiza mwalimu wa zamu anapotangaza msiba. Nikasema:

"Bibi amesema msije. Kwetu kuna metimani."

Metimani ni neno la Bibi. Zamani, anasimulia, nyumba ikipatwa na jambo zito la aina fulani, mwanamke ameharibu mimba, au mtoto mchanga amekufa, basi nyumba ile inatengwa mpaka wazee waseme imetosha. Hakuna anayeingia. Hawachangii moto wala maji na watu, ng'ombe wao wanachungwa peke yao. Si adhabu, anasema, ni kuzuia balaa isitembee. Sisi wa siku hizi tunalisikia neno hilo kama tunavyosikia habari za babu aliyeua simba kwa rungu. Padri analikemea. Mwalimu wa historia analiandika ubaoni, tunalinakili, tunalisahau. Nilichagua neno hilo kwa sababu lilikuwa kubwa na lilikuwa la kizee, na nilidhani watanicheka kidogo, watabaki na wasiwasi kidogo, na ule wasiwasi utatosha kutuvusha Jumamosi.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke aliyekuwa anakinga maji akaondoa ndoo yake chini ya bomba, haijajaa, akaniambia kinga wewe uende. Wote wakasogea. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ni metimani ya nini. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mtu akikosa kuuliza, ujue ameshajijibu.

Kesho yake hakuja mtu. Keshokutwa hakuja mtu. Jumamosi jirani wa sauti ya trekta alipita kwa mbali na mwanaume mwingine, nadhani ndiye shemeji mwenye ngiri yake, wakatazama kwetu, wakapita. Nikamsimulia Baba nilichofanya. Alicheka mpaka akashika tumbo na kulia kwa maumivu. "Wewe mtoto," akasema, "wewe mtoto una shetani." Ilikuwa sifa. Niliibeba siku nzima.

Siku hizo za kwanza bombani nilikuwa nikienda mimi. Jumapili Mama akaenda mwenyewe, kwa sababu alitaka kutoka nje ya nyumba yenye harufu ya dawa. Alirudi na ndoo nusu, gauni limelowa kuanzia begani. Kwetu wanawake wanatwishana ndoo. Huwezi kujitwika ya lita ishirini peke yako, unamwambia mwenzako nitwishe, anakutwisha, na wewe unamtwisha anayefuata. Hakuna urafiki unaohitajika, hata maadui wanatwishana. Siku hiyo Mama alisema nitwisheni, na hakuna aliyenyoosha mkono. Akamwaga nusu, akajitwika nusu, ikammwagikia.

Akaitua mlangoni. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Nani amesema nimeharibu mimba?"

Naapa sikuwa nimesema hivyo. Nilisema metimani tu. Lakini Baba yuko hai, mimi niko hai, Bibi yuko hai, sasa watu wangeiweka wapi? Waliitafutia mahali, na palikuwepo mahali pamoja tu. Mke wa mtoto mmoja, hatimaye Mungu amemkumbuka, na akapoteza. Tena wakaunganisha na safari ya Dar: mume kapasuliwa, mke kahangaika, mimba imetoka. Ilikaa vizuri kuliko ukweli wenyewe.

Bibi alikuwa amekaa kwenye jua, na yeye akasikia. Mtamlaumu Bibi? Alijua ngiri tu. Alichoelewa ni kwamba mkwe wake amepoteza mimba akamficha, akaendelea kukamua ng'ombe na kupika chungu kimoja na watu. Akainuka na fimbo yake. "Umetuficha? Ng'ombe wakifa?" Toka siku hiyo Mama akatengewa kikombe chake, cha bati, chenye mpini uliovunjika. Asikamue. Asiingie zizini. Mtoto wa jirani aliyekuwa akichunga ng'ombe wetu pamoja na wa kwao akaja na wanne wetu, akawaacha nje ya boma, akakimbia.

Niliingia chumbani kwa Baba. Nikamwambia nitakwenda bombani kesho, niseme nilikuwa natania. Watanichapa, yataisha.

"Utasema ulitania kwa nini?" akauliza Baba.

"Basi tu. Ili wasije."

"Na wakiuliza kwa nini hukutaka waje?"

Nikaangalia blanketi lake.

"Tena yule mzee wa ngiri atakuwa wa kwanza kufika hapa." Alivuta blanketi. Halafu akasema jambo ambalo alilisema kwa upole, kama mtu aliyekaa akalifikiria na kuona ni zuri. "Mimba si aibu. Mimba ni heshima. Nyumba iliyopoteza mimba ni nyumba iliyokuwa na mimba."

Mama alikuwa mlangoni na beseni. Maji ya kumsafishia kidonda. Alikuwa ameyasikia yote.

"Heshima ya nani?" akauliza.

Baba akalinyoosha blanketi.

"Miaka kumi na mitano nimeitwa mgumba kwa ajili yako. Sasa niwe nimezaa maiti kwa ajili yako?"

"Ni wiki chache, mama. Nikipona nitaeleza."

"Utaeleza nini?"

Na Mama, hili ndilo linaloniuma mpaka leo, aliweka beseni chini, akapiga magoti, akamsafisha kidonda. Niliondoka, si mahali pangu. Lakini nilisikia maji, na sikusikia neno.

Tulivuna watu wawili, Mama na mimi. Miaka mingine mahindi yetu yanamalizwa na kundi la majirani kwa siku mbili, kwa nyimbo na togwa, halafu nasi tunahamia kwao. Mwaka huu nilikuwa naziona nyimbo zao ng'ambo ya korongo, naziona kabisa, vichwa vinaenda juu na chini. Mama hakuimba. Nilimwigizia mkuu wa shule anavyopiga chafya. Nilimwigizia Padri anavyofukuza mbuzi kanisani. Alikuwa anavunja mahindi, kra, kra, na anatupa.

Nilimwambia, "Mama, nilikosea."

"Najua."

"Nikaseme?"

"Kamuulize baba yako. Jina ni lake."

Nilikuwa na hesabu rahisi: Baba akisema ukweli, Mama anarudi kuwa mtu bombani. Baba akinyamaza, Mama ameisha. Sentensi moja tu ya mzee wangu. Nilimsubiri aiseme kama ninavyosubiri kengele ya mwisho, na kila siku alikuwa na nafuu zaidi. Alianza kukaa. Alianza kutembea uani, kwanza na fimbo, halafu bila fimbo. Yai lilikuwa linatua polepole.

Wiki ya tano wakaja wanawake wa jumuiya. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye huruma ya kweli, alisema Wakristo hawawezi kumwacha mwenzao kwa sababu ya mila za giza, wamekuja kuvunja utengo kwa sala. Walisema hivyo wakiwa wamesimama uani. Kuingia ndani kulichukua muda, kila mmoja anampisha mwenzake atangulie. Nikawaamkia. Wakaketi sebuleni, na Baba akaketi kwenye kiti chake kwa ubavu, juu ya mto, shati limepigwa pasi. Bibi naye. Mama akakaa chini kwenye mkeka, karibu na mlango.

Waliimba. Walisali. Halafu mwenyekiti akafumbua macho, akamgeukia Mama kwa sauti laini.

"Mwenzetu, tungependa tumkabidhi malaika huyu kwa Mungu. Tusaidie tu. Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Niliona vidole vya Mama vinachezea uzi wa mkeka. Nilidhani saa imefika, atasema, na moyoni nikawa namwambia sema, sema, Mama, nitasimama na wewe hata wanitoe macho.

Mama akainua kichwa.

"Muulizeni baba yake," akasema.

Wote wakamgeukia Baba. Alikuwa na nafasi pana kama uwanja wa mnada. Angeweza kusema hapakuwa na mtoto. Si lazima aseme kifaa, si lazima aseme Dar, angeweza kusema tu kwamba mke wangu hakupoteza kitu, watu wamesema uongo, na mwanangu ndiye mwongo, mchapeni. Ningepokea. Alimtazama mwenyekiti, akamtazama Bibi, akatazama mikono yake.

"Alikuwa wa kiume," akasema.

Wanawake wakaanza kulia. Bibi akapiga kelele moja ya msiba. Wakamsogelea Mama, wakamkumbatia wote kwa mara moja, wale wale ambao hawakumtwisha ndoo, na katikati ya vitenge vyao niliuona uso wake. Ulikuwa mkavu. Alikuwa anamtazama Baba kama unavyomtazama mtu uliyemfananisha, ukasogea, ukakuta siye.

Asubuhi yake alifunga nguo kwenye khanga mbili akaenda kwa kaka yake, Balangdalalu. Bibi alisema ni vizuri akapumzike kwao, mwili wa mama aliyepoteza unahitaji kwao. Baba alisema hivyo hivyo.

Basi nikaenda bombani mwenyewe, nikasema. Nilisimama kwenye lile zege nikawaambia ukweli wote, ngiri hakuna, mimba hakuna, nikawaeleza Baba aliwekewa nini. Nilisema kwa uso wa kawaida kabisa. Walitazamana. Halafu mmoja akaanza, akafuata wa pili, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. "Wewe mtoto una laana! Mashine! Kipampu!" Jirani wa sauti ya trekta aliposimuliwa alicheka mpaka akakohoa, kisha akanijia na fimbo kwa kumdhalilisha baba yangu aliyetoka kufiwa. Nilichapwa mara nne. Sikukimbia. Ule ulikuwa ukweli wangu wa kwanza kusema pale, na ndilo neno langu pekee walilolikataa.

Katikati ya Julai Baba akaenda Dar, akafundishwa, akarudi. Alipanda pikipiki kutoka barabarani hadi mlangoni, amekaa wima. Shule ilikuwa imefungua. Jumamosi nikaenda Balangdalalu na ile baiskeli.

Mama alikuwa anapepeta mbaazi uani kwa mjomba. Amenenepa kidogo. Shikamoo, marahaba, umekula? Aliuliza mahindi yameingia magunia mangapi, na kama Bibi anapakwa dawa ya mgongo. Nikamwambia nimewaeleza watu ukweli.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Wamekuamini?"

"Hapana."

Akapeperusha ungo, maganda yakaruka na upepo. "Usinisemee tena," akasema. "Mara ya kwanza ulinisemea pale pale bombani, ile metimani yako." Hakusema kwa ukali. Alinipa uji, akanijazia chupa ya maziwa, akasimama njiani mpaka nikapotea.

Nilifika nyumbani jua linazama. Baba alikuwa ananisubiri nje, amevaa suruali yake nzuri, amenyoa. Ua ulikuwa umefagiwa. Alikuwa ameufagia mwenyewe, mwanaume mzima wa huku, na hakujali nani amemwona.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Amesema anarudi lini?"

Hakuwa amesema chochote kuhusu kurudi. Ningeweza kumwambia hivyo, na ingetosha. Badala yake nikaegemeza baiskeli ukutani, nikamwambia:

"Anasema kamuulize mwanao wa kiume. Yule mwingine."

Nilikaza mgongo nikisubiri kofi. Sasa alikuwa mzima, angeweza kunyanyua mkono, karatasi lilisharuhusu. Hakunyanyua. Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba nimemletea salamu za kawaida, akapita kando yangu kwenda kuwaingiza ng'ombe.